Daftari la mzee kwenye nchi ya mito mitano

Kabla sijaanza siku zenyewe nieleze kidogo hili daftari maana ndo lililonipeleka. Mzee wangu alikuwa fundi kwenye gereji ya Kalasinga mmoja pale Moshi, aliingia kijana akatoka na mvi, na bosi wake Kiswahili alikuwa anakijua vizuri tu ila akikasirika au akifurahi sana kinamtoka Kipunjabi. Mzee akanunua daftari la kurasa 48 akawa anaandika kila neno analolisikia, kwa herufi zetu hizi hizi na maana yake pembeni. Pani, maji. Loha, chuma. Pechkas, bisibisi. Bekh, tazama. Badda, kubwa. Bii, ishirini. Kiddan, vipi, mambo. Alafu kuna ukurasa ameandika "kora" mara mbili, ya kwanza farasi, ya pili mjeledi, na ile ya farasi akaichorea mshale mdogo unaoshuka. Farasi kwenye gereji ilitokea wapi? Kulikuwa na kalenda ukutani yenye picha ya Guru Gobind Singh, kiongozi wa zamani wa dini ya Masinga, juu ya farasi, mzee akauliza yule mnyama mnamwitaje. Mshale nilidhani miaka yote ni kuchezea kalamu tu.

Februari 2023 nikapata likizo na hela kidogo nikasema naenda Punjab nijue Kipunjabi cha mzee ni cha wapi hasa. Watu wanasema Kipunjabi kama vile ni kitu kimoja, ni sawa na kusema Kichaga, na Mchaga yeyote anajua mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana stendi wanaongea Kiswahili.

Siku ya 1

Nimetua Delhi usiku kupitia Addis. Viza ya India ya mtandaoni wakati huo ilikuwa inataka uingilie uwanja wa ndege au bandarini, ila kutoka ungeweza kutoka hata kwa mguu, kwahiyo safari yangu yote imepangwa na hilo, naingia Delhi, navuka Punjab ya India, natokea mpaka wa Attari kwenda Pakistan. Asubuhi treni hadi Chandigarh, masaa matatu na kitu. Nje ngano kijani na haradali njano mpaka macho yanachoka. Sijaongea na mtu, nimelala.

Siku ya 2, Chandigarh na Mohali

Chandigarh ni mji uliochorwa kwanza kwenye karatasi, miaka ya 1950, Le Corbusier yule Mfaransa mzaliwa wa Uswisi ndo aliyeupanga, na ukitembea unauona kabisa, barabara zimenyooka na kila mtaa una namba. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba hapa hapakuwa pori, palikuwa na vijiji, na vijiji hivyo vilikuwa vinaongea lahaja inaitwa Puadhi. Leo mjini unasikia Kihindi, Kiingereza na Kipunjabi cha redioni. Kijana wa mapokezi pale nilipolala kumbe bibi yake ni wa kijiji kimojawapo upande wa Mohali, akanipeleka kwa pikipiki.

Bibi yuko kwenye kitanda cha kamba juani anachambua majani ya haradali. Kwa "yetu" anasema mhara na kwa "yenu" anasema thara, wakati Kipunjabi cha shuleni ni sada na tuhada. Mjukuu anaelewa kila kitu ila anamjibu kwa kile cha shuleni, na bibi akiongea na mimi mgeni na yeye anabadilisha, anahamia kile cha mjukuu. Hiyo iliniuma kwasababu mama yangu anafanya hivyo hivyo mgeni akija nyumbani, Kichaga kinawekwa kabatini.

Af ndo wakaja kugawana mkoa. Tarehe 1 Novemba 1966 India iliikata Punjab kwa misingi ya lugha, Haryana ikatoka, na hawa Puadhi wakajikuta wengine Punjab, wengine Haryana, wengine Chandigarh. Nikamsomea bibi daftari. Aliposikia "kiddan" akanyoosha mkono kuelekea kaskazini magharibi, mjukuu akatafsiri, "anasema hiyo ni ya ng'ambo ya mto."

Siku ya 3, Ludhiana

Basi asubuhi. Hii sasa ni Malwa, sehemu kubwa ya nchi ya kusini mwa mto Satluj. Ludhiana ni mji wa viwanda, baiskeli na masweta, kelele, moshi, mafundi kila kona, yaani nilijiona niko mtaa wa gereji nyumbani ila umekuzwa mara mia. Nimeanza kuitwa "bai ji", kaka, kila mtu bai, konda bai, muuza chai bai. Wakaniambia ukisikia bai ujue uko Malwa.

Nikaingia karakana moja ya kuchonga vyuma, fundi mkuu mtu mzima ana kilemba cha kijivu, nikamwonyesha daftari. Alianza kusoma kwa sauti na wenzake wakazima mashine. Kwa "mwanamke" mzee kaandika timi, fundi akasema hiyo na sisi ndo tunasema, ila ukifika Amritsar utasikia tivi. Kwa "vipi" mzee kaandika kiddan, fundi akatikisa kichwa, sisi huku tunasema kimen. Mimi nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Akafika kwenye kora. Akaangalia ule mshale muda mrefu, akauliza nani kachora, nikasema baba yangu. Akasema baba yako ana masikio.

Akanifundisha hapo hapo. Farasi kwenye maandishi yao ya Gurmukhi anaandikwa kwa herufi ya gh, lakini mdomoni hiyo gh imekufa zamani, inatoka k, na badala yake sauti inazama chini mwanzoni mwa neno alafu ndo inapanda. Mjeledi ni kora ya kawaida, sauti imelala. Na kuna ya tatu mzee hakuiandika, mwenye ukoma, hiyo sauti inapanda juu kisha inadondoka. Neno lile lile masikioni mwa asiyejua, maana tatu. Kipunjabi kina toni! Ni moja kati ya lugha chache za ukoo wa Kihindi zenye toni, Kihindi chenyewe hakina. Kiswahili chetu hakina pia, ila Kichaga kinayo, ndo maana mzee aliisikia bila kufundishwa na mtu, akakosa jinsi ya kuiandika akachora mshale.

Usiku nikampigia. Nikamuuliza mzee ule mshale wa farasi vipi? Akasema "sauti inashuka, kama kwetu." Basi, hakuona ajabu yoyote.

Siku ya 4

Mvua na tumbo. Nimeshinda ndani.

Siku ya 5, Jalandhar

Leo nimevuka Satluj, daraja la kutoka Ludhiana kuingia Phillaur. Mto mpana ila maji kidogo msimu huu, mchanga mwingi. Ukivuka tu uko Doaba, do ni mbili na ab ni maji, nchi ya katikati ya mito miwili, Satluj na Beas. Punjab yenyewe ni panj ab, maji matano, na lahaja zinafuata mito hivyo hivyo, wao wana msemo kwamba lugha hubadilika kila koh kumi na mbili, koh moja ni kama kilometa tatu hivi.

Kutoka stendi ya Jalandhar nilitembea tu mpaka nikakuta mtaa wa spea. Duka la kwanza kijana alikuwa bize na simu. La pili mzee kakaa mlangoni, nikajikaza nikamwambia kama daftari linavyosema, "kiddan, bhaji?", yaani vipi kaka.

Akasimama. Mtu mweusi mrefu na begi mgongoni anamwambia kiddan. Nikamwomba anihesabie kumi mpaka ishirini, akanishangaa lakini akahesabu, na alipofika mwisho akasema bih. Sio vih kama kwenye vitabu. B! Nikamwonyesha bolti kubwa nikauliza hii ikoje, badda. Nikaonyesha macho, bekh. Kule Ludhiana pia nilizisikia b za hivi kwa baadhi ya watu kwahiyo b peke yake isingetosha, ila b pamoja na kiddan, vyote mdomo mmoja, bila kumchokonoa, ndo daftari la mzee lilivyo kurasa zote 48.

Nikampigia mzee kwa video. Jamani. Mzee wangu wa miaka 70 na kitu yuko kwenye kibaraza Kibosho, migomba nyuma yake, huku mwenye duka na chai yake, wanaongea. Nimeshika simu mkono umekufa ganzi. Mara wanacheka, mara yule mwenye duka anaita watu wa maduka jirani waje wasikie. Baadae akaniambia baba yako anaongea kama mjomba wangu wa Hoshiarpur aliyekufa zamani, hajachanganya na Kihindi hata kidogo, watoto wangu mwenyewe hawaongei hivi.

Na inaleta maana ukikumbuka historia. Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa kuanzia 1896 hadi 1901 na vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi wa Punjab, wengi wakarudi kwao, wengine wakabaki, na baada yao wakaja mafundi seremala, mafundi vyuma na wahunzi kwa hiari yao, na sehemu kubwa ya Masinga wa kwetu na Kenya ni watu wa huku Doaba. Kwahiyo Kipunjabi cha gereji ya Moshi kilipanda meli na mtu wa Doaba, kikakaa kwetu hakijabadilika sana, kikaingia kwa Mchaga.

Nilinunua bisibisi moja. Mwenye duka akachukua daftari akaandika mistari miwili nyuma kwa Gurmukhi, akasema mpe baba yako. Nikamwambia mzee hasomi haya maandishi, akachukua simu yangu akaisoma kwa sauti, akarekodi. Akanipa na namba yake.

Siku ya 6, Amritsar

Nimevuka Beas. Nilikuwa nimekaa na mwanafunzi mmoja kwenye basi nikamwambia tukishavuka daraja niambie tazama, akasema vekh. Ishirini? Vih. Kubwa? Vadda. B imebaki ng'ambo. Sio kwamba daraja lenyewe linabadilisha ulimi wa mtu, watu wanaoana na kuhama, ila kwa yule kijana na wenzake wanne niliowauliza stendi ilikuwa v tupu.

Hii ni Majha, na lahaja yake Majhi ndo imefanywa msingi wa Kipunjabi sanifu pande zote mbili za mpaka. Huku kaka ni bhau, na kwa ile habari ya toni inatoka kama "pau" inayozama.

Jioni Hekalu la Dhahabu. Nimekaa chini kwenye mstari na watu mamia tukala langar, dengu, chapati na wali wa maziwa, bure, makumi ya maelfu kila siku hawaulizwi dini. Waliopita barabara ya Nairobi kwenda Mombasa wakasimama pale kwenye hekalu la Masinga Makindu wanajua naongelea nini. Aliyekuwa anagawa chapati anataka uzipokee kwa mikono miwili, nikapokea mmoja, akasubiri kimya mpaka nikaweka wa pili.

Siku ya 7, Attari na Wagah

Amritsar na Lahore ni kama kilometa 50 tu. Teksi mpaka Attari, uhamiaji, forodha, basi dogo, alafu nikatembea na begi langu nikapita geti, mstari mweupe, geti lingine, wakati huo mpaka ulikuwa wazi. Watu wachache sana, tulikuwa kama tisa. Mchukua mizigo wa upande wa India ana nguo za bluu anaishia kwenye mstari, wa upande wa Pakistan ana kijani anaanzia hapo, na nimewasikia kwa masikio yangu wakitaniana kuhusu uzito wa sanduku la mama mmoja, Majhi kwa Majhi, hakuna wa kumtafsiria mwenzake. Mwaka 1947 India ilipogawanywa ikatoka Pakistan, mstari ulipita katikati ya lahaja hii hii.

Kinachobadilika ni maandishi. Dakika kumi nyuma vibao vyote Gurmukhi, kushoto kwenda kulia. Hapa vyote herufi za Kiarabu kwa mtindo wa Kiurdu, kulia kwenda kushoto, Kipunjabi kikiandikwa hivyo kinaitwa Shahmukhi. Nikatoa daftari nikamwonyesha afisa mmoja mkarimu yale maandishi ya Jalandhar. Akayageuza, akayarudisha. Hakuweza kusoma hata neno moja. Nikampigia ile sauti akaielewa yote.

Siku ya 8, Lahore

Mji mzuri na umechoka. Nimezunguka mji wa ndani wa kuta za zamani siku nzima. Wenyeji wa humo wanajulikana kwa kubadilishana r mbili, ile ya kawaida na ile nzito ya kukunja ulimi, mtu akisema neno lenye moja anaweka nyingine, kama kwetu wanaochanganya r na l, na ukimsikia hivyo wanasema huyu ni wa ndani ya mageti hasa.

Kitu kilichonisumbua ni shule. Mtoto wa Lahore anaongea Kipunjabi nyumbani, darasani anasomeshwa Kiurdu na Kiingereza, Kipunjabi chenyewe hasomeshwi kuandika, wakati ni lugha yenye watu wengi kuliko zote nchini Pakistan, kwenye sensa ya 2017 walikuwa karibu asilimia 39. Baba mmoja muuza vitabu aliniambia kwa Kiurdu kwamba anawakataza wanae Kipunjabi wasionekane washamba, alafu akageuka akamgombeza mfanyakazi wake kwa Kipunjabi kitamu sana. Mi naona ni makosa makubwa na nilimwambia. Akasema hata wewe nimeona unaandika kwa Kiswahili sio kwa lugha ya mama yako. Sikuwa na la kumjibu.

Siku ya 9, barabara ya Multan

Basi linapitia Faisalabad. Mji huo zamani uliitwa Lyallpur, ni nchi ya mifereji waliyochimba Waingereza, hadi leo vijiji vya jirani vinaitwa Chak na namba yake. Mwaka 1947 watu wa kule walioondoka ni wengi na walioletwa kutoka mashariki ni wengi pia.

Hapo Faisalabad akapanda mzee mwenye fimbo akakaa pembeni yangu. Kwa mazoea nikamwambia kiddan, nikijua atanijibu kivein kama walivyonijibu Lahore. Akajibu kiddan. Nikamuuliza ishirini. Bih.

Nywele zilisimama. Yeye kazaliwa hapo hapo ila baba na mama yake walitoka kijiji cha karibu na Nakodar, wilaya ya Jalandhar, walitembea. Yeye hajawahi kuvuka. Lakini ulimi wake ni wa ng'ambo ya Beas, zaidi ya miaka 75 na mpaka mmoja mgumu baadae. Nikampa spika za masikio asikie sauti ya mwenye duka la spea. Akasikiliza mara moja, akafumba macho akasikiliza tena, mara ya tatu akawa anatamka nayo polepole, neno kwa neno. Kilichosemwa mle ni salamu tu za kawaida kwa baba yangu, Mungu akupe afya, karibu nyumbani. Akaomba kurekodi na yeye. Nikamtumia mwenye duka. Tukaachiana namba, aliposhuka aliniombea dua ndefu.

Kabla ya Multan bustani za miembe zimeanza kutoa maua. Wanaita amb. Na embe letu neno lake limetoka huko huko.

Siku ya 10, Multan

Hapa ukisema wanaongea Kipunjabi wengi watakusahihisha, ni Kisaraiki, na wanataka kihesabiwe lugha kamili. Sensa ya Pakistan imekihesabu peke yake kuanzia 1981. Lahore nilikutana na watu wanasema ni lahaja tu. Mi nimesimama na wa Multan, jina la lugha ni la anayeiongea.

Niliingia duka la sohan halwa, halua yao ngumu ya ngano, samli na lozi. "Nipe" kwenye daftari ni menu, hapa ni mekun. Muuzaji ananiita sain, bwana. Na farasi? Nikamuuliza, akasema ghora, na gh nzima imejaa pumzi, haikufa! Kisaraiki kimeishika ile gh ambayo fundi wa Ludhiana alisema imezikwa, kwahiyo farasi na mjeledi huku havihitaji mshale.

Alafu akaniambia kuna sauti nne watu wa Lahore hawaziwezi, jaribu. Mtoto ni bal, lakini b yenyewe unavuta hewa ndani. Nikasema bal. Akanyamaza. Rudia. Bal. Jino, dand. Ng'ombe, gan, na g ya ndani. Akaita wasaidizi wake wote watatu toka nyuma na unga mikononi, rudia tena.

Ndugu zangu, ni b yetu! Weka kiganja mbele ya mdomo useme "baba" taratibu, alafu sema "mbuzi". Ile b ya baba koo linashuka kidogo kama unameza hewa, ya mbuzi haifanyi hivyo. Na d ya dada, j ya jana, g ya gogo ni hivyo hivyo, zote nne tunazo, sema hatuziandiki tofauti kwa kuwa hatuna haja. Wao wana haja, wamebuni herufi nne za nyongeza kwenye Shahmukhi. Nikawafundisha "baba", wakaitamka vizuri kuliko mzungu yeyote niliyewahi kumsikia. Halua nimepewa nusu kilo ya ziada.

Siku ya 11

Basi Rawalpindi, siku nzima. Nimelala.

Siku ya 12, Gujar Khan

Nyanda za juu za Pothohar, baridi, mawe mekundu, makorongo. "Nipe" sasa ni miki. "Yake" ambayo kote ilikuwa na d imekuwa na n, nyumba "yake" ni usna. "Kwenda", ambako Lahore wanasema "jana" na Multan wanasema "vanj", hapa ni "gachhna". "Nitafanya" ni "karsan", yenye s, wakati Amritsar wanasema "karanga". Mwenye mgahawa ana ndugu nusu ya ukoo Uingereza, kama familia nyingi za huku na za Mirpur ng'ambo ya mto Jhelum, akaniambia lugha hii utaisikia Birmingham kirahisi kuliko Islamabad.

Nikaandika yote safu ya nne, daftari limebaki ukurasa mmoja na nusu.

Siku ya 13, uwanja wa ndege Islamabad

Asubuhi nimekuta sauti ya Jalandhar imeingia. Mwenye duka kamsikiliza yule mzee wa Faisalabad na anataka kujua kijiji cha baba yake ni upande gani wa Nakodar, maana mama yake mwenyewe mwenye duka katokea hizo pande. Nimeipeleka Faisalabad. Dakika ishirini baadae imerudi nyingine, imetaja jina la kijiji, kisima, na mti wa mpipal karibu na kisima alioambiwa na mama yake, anauliza kama bado upo. Nimeipeleka Jalandhar. Nimewauliza wote wawili kama niwaunganishe namba, wa Faisalabad kasema ndio. Mzee wangu yeye anataka asikilize zote toka ya kwanza, nimemtumia, kajibu kwamba yule wa Faisalabad ndo anaongea kama bosi hasa.

Wanatangaza ndege. Jalandhar bado tiki moja.